Uso wa Mzee Tinga

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kitabu kinakwenda kwa mchapaji Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na tisa. Kasema Gedion, mwenye kampuni, leo asubuhi. Alisema akiwa amesimama mlangoni. Gedion asipokaa, ujue hakuna mjadala.

Ramani ya mji wa chini bado haijatiwa rangi. Majini wa sura ya nne wamerudi kwa mchoraji. Wote walikuwa na mikono ya mtu mmoja. Jalada limekamilika.

Jalada ni kazi ya Fidel. Mlozi wa Ng'ambo, adui mkuu wa mchezo wetu: mzee amekaa juu ya kigoda, nywele nyeupe kama pamba, macho yana wekundu pembeni, kidole kinamwonyesha anayetazama. Nilikaa miaka mingi kwenye meza ya habari nikichagua picha za ukurasa wa kwanza. Najua uso unaomsimamisha mpita njia. Huu unamsimamisha. Ndiyo kanuni yangu kwa wachoraji wote wa hapa tangu nianze kazi ya ukurugenzi wa sanaa: hakuna uso wa kubuni. Tafuta mtu halisi, mwombe ruhusa, mpige picha, kisha chora.

Nilimuuliza Fidel kama mzee alikubali. Kasema alikubali mwenyewe. "Hata aliingia ndani akavaa shati lingine, madam." Basi.

Mwenye duka la vyuma hapa chini ya ofisi yetu, Changamwe, kauliza tena tunauza nini hasa. Nikamweleza tena: watu wanne watano wanazunguka meza, mmoja anasimulia kisa, wengine wanakuwa watu wa ndani ya kisa, na dadu inaamua nani apone. Kasema, "Yaani mnauza hadithi, halafu mteja aimalizie mwenyewe?" Ndiyo. "Na wanalipa?" Ndiyo. Kaondoka akitikisa kichwa.

Alasiri tumeliweka jalada kwenye ukurasa wetu mtandaoni. Kufikia jioni limepita kila kitu tulichowahi kuweka mwaka huu. Gedion kapita tena. Safari hii kakaa.

Jumanne, 9 Septemba

Majini wamerudi. Mikono sasa ni tofauti. Nimewapitisha.

Nimesoma maoni yote chini ya jalada. Wengi ni wachezaji wetu wa Nairobi na Nakuru, wanasifu rangi, wanauliza kitabu kitatoka lini. Mmoja, jina silijui, kaandika: "Huyu si yule wa kwetu?" Chini yake mwingine: "Ndiye! Kumbe!" Halafu vicheko.

Nikamwonyesha Fidel. "Wasee wanacheza tu, madam. Ni vijana wa mtandaoni." Nikamuuliza anawajua? Hawajui.

Sikupenda lile neno "kumbe". Mtu huliandika akiwa amegundua jambo.

Jumatano, 10 Septemba

Simu saa tatu asubuhi, namba ngeni. Mwanamke. Hakusalimu.

"Ni nyinyi mliomchora babangu mchawi?"

Nikamwuliza jina lake kwanza. Phoebe, fundi wa nguo, Bombolulu. Baba yake ni Mzee Tinga, anakaa Kwa Ndoro, nyuma ya Mwakirunge, ana shamba la minazi na mihogo. Picha ameiona wapi? Haikuwa kwenye simu. Imechapwa kwenye karatasi kubwa, kwa rangi, imebandikwa mlango wa kinu cha unga. Nyingine kwenye duka la mkaa. Aliyebandika hajulikani — yaani anajulikana, ila hakuna atakayemtaja.

Nikamweleza kwamba ni mchezo. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza:

"Dada, wewe wa wapi?"

Bofu, Likoni.

"Basi wajua. Kwetu mzee akiitwa jina hilo, hangoji kuitwa mara ya pili."

Najua. Habari hizo nilizihariri mwenyewe nikiwa gazetini. Mzee, panga, shamba. Vichwa vya habari vilifanana mpaka nikachoka kutafuta maneno mengine. Karibu zote zilikuwa na shamba, kwenye aya ya tano au ya sita, pale ambapo wasomaji wengi hawafiki.

Nikamwuliza kuhusu shamba. Kasema wana wa ndugu yake baba wamepata mnunuzi. Mzee hauzi. Mkubwa wao anaitwa Mwaringa.

Nilimwita Fidel. Nilimweleza bila kupamba. Kakaa kitini, kofia mkononi.

"Mi nilimwambia ni ya kitabu, madam. Si nilimwambia?"

Ulimwambia atakuwa nani ndani ya kitabu?

Hakumwambia. Na mimi sikumuuliza kama alimwambia.

Kesho tunakwenda.

Alhamisi, 11 Septemba

Kwa Ndoro. Gari la Gedion, mimi na Fidel. Phoebe alitungoja njia panda, uso umekaza, mkoba wake kaushika kifuani. Hakumpa Fidel mkono.

Tulipofika kwa mzee nilidhani tumekosea nyumba. Aliyetoka kutulaki ana nywele nyeusi. Nyeusi tititi, mpaka kwenye masharubu. Mwembamba, amenyooka, anavuta mguu mmoja. Alitusalimu kwa Kigiriama. Phoebe kajibu kwa niaba yetu. Kisha akamtazama Fidel.

"Ndiwe wewe. Ulisema utaniletea picha."

Fidel kasema ameileta. Kaifungua tableti. Mzee aliishika mbali, kisha karibu.

"Pua si yangu."

Kaigusa kwa kidole.

"Pua umeiharibu. Na hiki kigoda — mimi sikai kigoda kama hiki, hiki cha kukunia nazi. Mchawi gani anakaa juu ya mbuzi ya nazi? Atajikuna makalio."

Phoebe kamwambia baba, si wakati wa mzaha. Kajibu kwamba picha ni yake na wakati ni wake.

Kisha akafika kwenye nywele. Hapo aliacha mzaha. Kanirudishia tableti mimi, si Fidel.

Phoebe ndiye aliyeeleza, nje, tukitazama minazi. Anampaka baba yake piko, rangi nyeusi ya nywele, kila wiki ya pili, yeye mwenyewe, kwa mswaki wa zamani. Miaka sita sasa. Si yeye peke yake; wazee wa pale wengi hupakwa na watoto wao. Mvi na macho mekundu ndizo dalili watu wanazotafuta. Mwanamume mwenye mvi na shamba hana usalama. Kwa hiyo hakuna mvi Kwa Ndoro.

"Na nyinyi mumemvua," kasema.

Sasa wanavyosema kinuni ni hivi: mashine ya Changamwe imemwona mzee alivyo. Imepita chini ya piko. Kama hana neno, kwa nini alikuwa anajificha?

Mwaringa alipita wakati tunaaga. Miaka thelathini na kitu, shati safi, viatu vimefutwa. "Shikamoo mama. Karibuni sana kwetu." Kamshika Fidel mkono kwa mikono miwili. "Ndugu yangu, una kipaji. Wallahi una kipaji." Mzee alimgeuzia mgongo.

Kwenye gari nilimwuliza Fidel: katika picha uliyompiga, nywele zilikuwa za rangi gani?

"Nyeusi."

Ulizifanya nyeupe kwa nini?

Kanitazama. "Si wewe uliandika?"

Nilipofika ofisini niliifungua rasimu ya kwanza. Maandishi yangu yapo pembeni, kwa wino mwekundu kama kawaida yangu: Mpe mvi. Macho yaingie wekundu kidogo. Aonekane ameishi.

Ijumaa, 12 Septemba

Mkutano na Gedion. Nimempa taarifa nzima, pamoja na maandishi yangu ya pembeni. Hakupiga kelele. Si mtu wa kelele. Alitoka Kakamega na nguo zake kwenye mfuko, akauza simu za mitumba Mikindani mpaka akafungua kampuni hii. Kauliza maswali mazuri. Mzee yuko salama leo? Sijui. Binti anataka nini? Baba yake abaki hai.

Uamuzi wake: picha itolewe mtandaoni leo, uso ubadilishwe, jalada lipya kabla ya tarehe kumi na tisa.

Nilisema kwamba kitu kikifutwa, watu hukitafuta zaidi. Kauliza, "Sasa una pendekezo gani, Bi Intisar?" Nimeifuta mwenyewe saa sita, kabla ya swala ya Ijumaa.

Jumamosi, 13 Septemba

Phoebe: "Mumeifuta?"

Tumeifuta.

"Mungu wangu. Wanasema kajifuta."

Habari imeenea tangu jana jioni. Eti mzee amekasirika, picha imetoweka kwenye simu zote ndani ya saa moja. Wenye wasiwasi sasa wana uhakika. Mwenye kinu, ambaye alikuwa upande wa mzee, leo kakataa kumsagia mahindi. Kamrudishia debe lake kwa heshima zote, kwa mikono miwili.

Karatasi zilizobandikwa bado zipo. Hizo hazikutoweka.

Jumatatu, 15 Septemba

Shimo limechimbwa nyuma ya nyumba ya Mzee Tinga, kati ya choo na mihogo. Kaliona mwenyewe alfajiri. Urefu wa mtu mzima. Udongo umerundikwa upande mmoja kwa utaratibu.

Chanzo: Phoebe, kwa simu. Nimethibitisha kwa kwenda.

Nimemchukua Phoebe mpaka kituo cha polisi. Askari kijana, mpole, kaandika yote. Kauliza kama kuna mtu ameumizwa. Hakuna. Kauliza kama kuna aliyetishwa kwa maneno. Hakuna, shimo halisemi. Kasema watapita. Kwa jinsi alivyosema, sidhani hata yeye aliamini.

Kutoka hapo kwa naibu wa chifu. Mwanamke wa makamo, miwani kwenye kamba, anakula chungwa. Alikuwa anajua kila kitu isipokuwa shimo. Nilipomwambia shimo, aliliweka chungwa chini.

Kasema hawezi kumkamata mtu kwa picha. Anaweza kuita baraza. "Lakini nikiita, mje na kitu cha kuwaonyesha. Watu hawa wameiona picha kwa macho yao. Mkija na maneno matupu, mtakuwa mmemaliza."

Nilimwuliza Fidel jioni: kumfanya mtu awe mlozi inachukua muda gani?

"Rasimu tu? Kama kunywa chai, madam."

Mtu yeyote?

Kafikiri. "Yeyote."

Nimempigia naibu. Baraza Jumamosi tarehe ishirini, saa nne, barazani pa shule ya msingi. Shule ina televisheni kubwa. Fidel ataunganisha tableti na kuchora mbele ya watu, hatua kwa hatua: picha, mistari, mvi, macho. Waone zinatoka wapi.

Fidel kasema sawa. Halafu katoka nje na sikumwona tena kwa muda. Nilipomkuta alikuwa nyuma ya duka la vyuma, amechuchumaa. Nilimwambia asipotaka nitatafuta mwingine. "Hakuna mwingine," kasema. Kweli.

Jumatano, 17 Septemba

Mabaya mawili.

La kwanza: Mwaringa naye amejiandaa. Amemlipia mganga kutoka mbali, wa kutambua wachawi, aje baraza hilohilo. Naibu hawezi kumzuia. Mkutano ni wa wazi. Kaniambia hivi: sheria haimruhusu mganga kumtaja mtu, akimtaja atamkamata. Nilimwuliza ana askari wangapi siku hiyo. Mmoja, labda.

La pili: mzee hataki kuhama hata kwa siku hizi tatu. Phoebe amemwandalia chumba Bombolulu. Nimekwenda kujaribu mimi.

Nilimkuta nyuma, kwenye lile shimo, na jembe.

"Wamechimba vizuri," kasema. "Kina cha kutosha. Nimetia samadi, nimeweka mgomba."

Nilimwambia, Mzee, shikamoo, naomba unisikilize. Nikamweleza hatari moja moja, kama nilivyokuwa nikimweleza mhariri. Alisikiliza. Kauliza kama nimemaliza.

"Mwanangu, nikienda kwa Phoebe Alhamisi, Ijumaa Mwaringa atakuwa ameweka vigingi. Atasema mzee amekimbia, na anayekimbia ana kosa. Wewe ungefanyaje?"

Hakungoja jibu.

Kauliza kuhusu kitabu. Mlozi wake anafanya nini humo? Nikamwambia: analinda mlango wa mji. Wachezaji wanapaswa kumshinda au kumshawishi. "Kumshawishi kunawezekana?" Ndiyo, dadu ikikaa vizuri. Alipenda hilo. "Basi si mbaya sana huyo."

Nikamwambia maandishi ya pembeni yalikuwa yangu. Mvi na macho. Nilitaka alisikie kwangu, si kwa Mwaringa.

Kaendelea kushindilia udongo kwa kisigino. Baadaye kasema: "Jumamosi uyaseme hayo. Mbele yao. Hivyo hivyo, bila kupunguza."

Alhamisi, 18 Septemba

Mazoezi na Fidel ofisini. Kamchora Gedion kuwa mlozi. Gedion kacheka, kisha kaomba ifutwe. Haraka haraka. Hapo hapo nikajua kwamba Jumamosi kazi itakuwa ngumu kuliko tulivyofikiri — mtu aliyesoma, mwenye kampuni ya michezo, mchana kweupe, na bado hakutaka uso wake ubaki hivyo kwenye kioo.

Ijumaa, 19 Septemba

Kurasa za ndani zimekwenda kwa mchapaji saa tisa. Uso wa Mzee Tinga haumo. Mahali pake pana mlango wa mawe na kivuli. Si picha nzuri.

Jalada halijakwenda. Gedion kaniuliza nataka nini juu yake. Nikasema sijui mpaka baraza lipite. Kasema mchapaji atatupa hadi Jumanne jioni na si zaidi, baada ya hapo mashine inachukua kazi ya wengine. Alikaa wakati anasema.

Phoebe yuko kwa baba yake leo. Na shemeji yake, mwenye pikipiki.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika kwenye gari, shuleni, watu bado hawajaondoka wote. Nitaandika kwa mpangilio.

Baraza lilianza saa nne na nusu. Watu wengi kuliko viti. Madawati yalitolewa darasani. Mzee Tinga mbele, shati jeupe lililopigwa pasi, Phoebe kushoto kwake. Mwaringa na ndugu zake upande wa pili, wamekaa vizuri, wanasalimu kila anayepita. Mganga mstari wa pili, mnene, mfuko wa ngozi juu ya mapaja, anajipepea kwa kofia. Askari mmoja, chini ya mlingoti wa bendera.

Naibu kafungua. Kataja shimo kwanza, kabla ya picha. "Aliyechimba nampa pole kwa kazi. Limeota mgomba." Watu wakacheka. Mwaringa pia akacheka.

Nilisema yangu. Jina, kazi, kampuni. Nilichoandika pembeni mwa rasimu, neno kwa neno. Kwamba mvi hazikuonekana na mashine. Ziliagizwa na mimi, nilikuwa sijawahi kumwona mzee, nilitaka tu adui wa kutisha. Bibi mmoja mbele kauliza: "Yaani wewe ndiwe uliyemtia mvi?" Ndiyo, mama. "Kwa nini mvi?" Nikasema kwa sababu nilijua zingetisha watu. Bibi alinitazama sana. Nywele zake ni nyeusi tititi.

Kisha Fidel. Televisheni ilikataa, ikakubali. Kaonyesha picha aliyopiga: mzee na shati lake, nywele nyeusi, anacheka. Watu wakaguna. Kaweka mistari juu yake. Kafuta weusi, kaweka weupe. Alipogusa macho kwa wekundu, mtoto akalia nyuma na mama yake akamtoa. Fidel kafuta tena wekundu, kaurudisha weusi. Mlozi kageuka Mzee Tinga tena. Kafanya hivyo mara mbili.

"Ni rangi tu, wazee wangu," kasema. Sauti ilimpanda kidogo. "Kama ya kupaka nyumba."

Sauti ya mtu nyuma: "Kwa Tinga ni rangi. Tufanyie mwingine tuone."

Tulilitarajia hilo. Fidel kauliza nani anakaa kwenye kiti.

Hakuna aliyesimama. Watu walitazama miguu yao. Naibu kazungusha macho. Askari kageukia bendera.

Nikakaa mimi.

Kanipiga picha na mtandio wangu, kaanza. Mwanzoni ilikuwa raha kwao. "Bi, kaza shingo!" "Mpe ndevu huyo!" "Sura hiyo mume ataiweza?" Fidel kaweka nyusi nyeupe, mashavu kayaingiza ndani, kope kazishusha. Macho mwisho. Vicheko vikapungua kidogo kidogo, kama maji yanayoisha mferejini. Mimi nilikuwa nimeipa televisheni mgongo. Nilisoma nyuso zao tu. Bibi wa mbele kasema, "Ni huyo huyo." Hakusema kwa mzaha.

Halafu ile sauti ya nyuma tena: "Basi wachawi ni hawa. Wanamgeuza yeyote wanayemtaka."

Wengine wakacheka. Wengine hawakucheka. Nilihesabu wasiocheka, mazoea ya kazi, na walikuwa wengi.

Naibu kagonga meza. Kabla hajasema, Mzee Tinga kasimama. Kasimama polepole, kwa sababu ya mguu.

"Mwaringa. Kaa wewe."

Mwaringa katabasamu. "Mimi, baba?"

"Wewe. Kijana msafi. Tukuone."

"Baba, mimi dini yangu hainiruhusu kuchorwa."

"Dini ipi? Umebatizwa mara mbili, na mwaka jana ukafunga Ramadhani kwa sababu ya biryani."

Baraza zima likapasuka. Hata ndugu zake. Mwaringa alicheka nao, ila masikio yalibadilika rangi. Naibu kavaa miwani.

"Bwana Mwaringa, kama ni rangi tu, keti. Kama si rangi tu, tuambie ni nini. Wewe ndiye uliyepeleka picha kuchapwa mjini?"

Mwaringa kasema ana safari, kuna mtu anamngoja Nyali. Kasimama. Ndugu zake wawili wakasimama. Wa tatu, mdogo, hakusimama. Kabaki amekaa, anatazama kiti.

Naibu kasema hivi, na nimeandika neno kwa neno: "Safari njema. Baraza hili halijafungwa. Jumanne tarehe ishirini na tatu, saa nne, hapa hapa. Utakaa wa kwanza. Usipokuja, nitawauliza watu hawa wanaonaje kuhusu mtu anayeogopa rangi."

Mwaringa kaondoka akisalimu. Getini kageuka, katoa simu, kampiga picha Fidel. Kisha mimi. Kisha mzee.

Mganga hakusema neno lolote mkutano mzima. Baadaye alimfuata Fidel, kamvuta kando. Nilidhani ni vitisho, nikaenda. Anauliza bei ya bango. Lake limefifia.

Nimempigia Gedion. Nimemwambia kwamba tumewashawishi baadhi, na baadhi tumewatisha zaidi, na siwezi kusema wapi ni wengi. Kauliza jalada. Nimesema Jumanne, baada ya saa nne, si kabla. Kasema atampigia mchapaji mwenyewe.

Phoebe anamwomba baba yake tena, hapa mbele yangu, kando ya gari. Twende Bombolulu, siku tatu tu. Mzee anasikiliza huku akifunga vifungo vya mikono ya shati. Anasema ana mgomba wa kumwagilia.

Fidel ametoa begi lake kwenye buti. Sikumwagiza. Anasema atalala kwa mzee: kuna chumba cha nje, mzee kampa, na shemeji wa Phoebe ataacha pikipiki hapo. Nimemwambia asitembee peke yake, na simu iwe na chaji. Nimempa betri yangu ya akiba. Yule ndugu mdogo wa Mwaringa bado amekaa kwenye dawati, peke yake, hajaenda kwao.

Naibu amefunga darasa. Kaacha kile kiti cha kuchorwa pale barazani, katikati, hakukirudisha ndani. Nimemwuliza kama hakiingizwi. Kasema kitakaa hapo mpaka Jumanne.